Jibu: eneo kwanza, samani baadaye
Umeuliza bajeti ya ofisi mpya ya watu 40 ianzie wapi: eneo, jengo au samani. Anza na eneo, maana ukishasaini mkataba hulibadilishi. Ipo kanuni ya makadirio iitwayo 3-30-300: kwa kila futi ya mraba kwa mwaka, dola 3 za umeme na maji, 30 za kodi ya pango, 300 za mishahara. Tarakimu hutofautiana mji kwa mji, angalia uwiano: mishahara ni mara kumi ya kodi. Kodi nafuu inayowachosha wafanyakazi barabarani si nafuu.

Kabla ya kutafuta jengo, hesabu wanaofika ofisini kila siku kwa wiki nne, kisha panga kwa siku iliyojaa zaidi. Wastani wa 22 huweza kuficha Jumanne ya watu 35. Uliza pia ukubwa wa nafasi unayolipia kodi umepimwaje. Mara nyingi korido na ngazi za pamoja zimehesabiwa humo.

Ndani, tanguliza udhibiti wa kelele, hewa na mwanga. Vyumba vidogo vya simu husahaulika, halafu mtu mmoja anakalia chumba cha mkutano cha watu kumi. Sofa za mapokezi zitangoja. Tenga pia fedha za kurudisha jengo lilivyokuwa mkataba ukiisha, iwapo kipengele hicho kimo.