Maswali yenu: VPN haikufichi kwa jirani yako

Kabla sijajibu, nawaomba jambo moja. Wengi safari hii mmeuliza namna ya kuandika mtandaoni bila kujulikana, halafu chini ya swali mtu kasaini jina lake, la baba yake, kijiji na namba ya simu. Nimeyafuta yote. Ukiniandikia tena, "msomaji wa Lindi" inanitosha.

Fundi, nitajie VPN nzuri ya bure nijifiche. (Nachingwea)

Swali hili haliishi, na jibu langu ni lilelile. VPN ni programu inayopitisha mawasiliano yako kwanza kwenye kompyuta ya kampuni nyingine. Inamzuia mwenye mtandao wako asione unaingia tovuti gani, na inaizuia tovuti isione anwani ya mtandao unaotokea. Basi. Jina uliloandika haifichi, picha uliyoposti haifichi, namba ya simu uliyofungulia akaunti haifichi. Hizo za bure nazo zinaendeshwa na watu wanaohitaji kula, na wapo wanaokula kwa kuuza taarifa zako. Tena TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN wazitolee taarifa kwao, usije kusema hukuambiwa.

Na kabla hujaniuliza kuhusu Tor, programu inayokuzungusha kwenye kompyuta nyingi ili usijulikane unakotokea: Desemba 2013 mwanafunzi wa Harvard, Marekani, alituma kitisho cha bomu kupitia Tor ili akwepe mtihani. Hakuna aliyeivunja Tor. Waliangalia tu ni nani alikuwa anaitumia kwenye mtandao wa chuo muda ule, wakamhoji, akakiri. Chuo kikubwa kile alipatikana. Wewe uko chini ya mnara mmoja unaohudumia vijiji vitatu.

Nafanya kazi zahanati moja huku Liwale. Nilifungua akaunti isiyo na jina wala picha yangu, nikaandika kuhusu dawa kuisha. Wiki haikuisha, mganga mfawidhi akaniita. Wamenidukua?

Pole sana, lakini hakuna aliyekudukua. Nimesoma ulichoandika. Umesema mko watumishi wanne, zamu ya usiku unabaki peke yako, maji mnachota kisima cha msikiti, na mzigo wa MSD, bohari ya dawa ya serikali, uliingia pungufu siku ya Alhamisi. Mganga mfawidhi alihitaji kompyuta ya nini hapo? Ana daftari la zamu.

Hili ndilo ninalolipigia kelele siku zote na watu wanaendelea kuniuliza programu. Mtu wa Kariakoo akiandika "mimi muuza simu" amejichanganya na maelfu. Wewe ukiandika "mimi muuguzi" na kijiji kikafahamika, umeshajitaja. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alionyesha kuwa takriban asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya eneo lao. Hiyo ni nchi yenye mamia ya mamilioni ya watu. Kijijini kwako kimoja kinatosha, na wala si lazima kiwe tarehe ya kuzaliwa. Kisima cha msikiti kimefanya kazi hiyo.

Ukitaka kuandika tena, chukua kila sentensi ujiulize ni watu wangapi wangeweza kuiandika. Kama ni wewe na wenzako watatu, ifute. Zahanati iwe "kituo kimoja mikoa ya kusini". Habari ya leo isubiri mwezi upite. Changanya ya kwenu na uliyoyasikia kwa wenzako wa vituo vingine, mradi yote yawe kweli. Usiposti saa za mapumziko ya zamu, maana baada ya wiki tatu saa zenyewe zinasema. Usikubali programu isome majina yaliyo kwenye simu yako, kwa sababu ndiyo itakayompelekea bosi akaunti yako chini ya "watu unaoweza kuwafahamu". Na usiwe wewe wa kwanza kuileta habari hiyo kwenye grupu la kijiji ukishangaa kama wengine. Wote wanaojificha hufanya hivyo.

Hukuniuliza, ila nakwambia: mgonjwa usimtaje hata kwa herufi moja. Yule mama uliyesema amejifungua kwa taa ya simu, mtaa mzima unamjua.

Nimezima lokesheni kwenye kamera. Picha zangu ziko salama? (Masasi)

Nusu. Desemba 2012 John McAfee, yule tajiri wa programu za kuua virusi, alikuwa mafichoni. Jarida moja likatoa picha yake, ndani ya faili la picha mkawa na vipimo vya mahali ilipopigwa, ikajulikana yuko Guatemala. Kuzima lokesheni kunaziba tundu hilo. WhatsApp nayo huziondoa taarifa hizo ukituma picha kwa njia ya kawaida, lakini ukiituma kama dokumenti zinakwenda zote.

Nusu nyingine ni kinachoonekana kwa macho. Hiyo uliyonitumia ina bodaboda yenye namba zinazosomeka, na nyuma yake ofisi ya kata.

Tuko ukingoni mwa Ruvuma, simu inakamata mtandao wa Msumbiji. Nikitumia huo sionekani?

Unaonekana, na salio linakwisha.

Shikamoo fundi. Mzani wa AMCOS yetu, chama chetu cha ushirika wa wakulima, unatuibia. Nina picha za stakabadhi, nataka kuzirusha mtandaoni wasijue ni mimi. (Mkulima, Tandahimba)

Marahaba. Stakabadhi yako ina jina, tarehe, kilo na namba yake yenyewe. Ukifuta jina ukaacha kilo, katibu anafungua kitabu, anashusha kidole kwenye safu ya kilo, anakukuta. Halafu ile kalamu nyeusi ya kwenye simu haizibi sawasawa. Mtu akiongeza mwanga wa picha, jina linasomeka chini yake. Funika kwa kisanduku cheusi kabisa, kisha piga skrinshoti na utumie hiyo.

Lakini mimi nisingerusha. Ukirusha Jumatatu, Jumanne mzani umerekebishwa na kitabu kimeandikwa upya. Peleka TAKUKURU, namba 113, kupiga ni bure. Wakala wa Vipimo nao kazi yao ni kukagua mizani, na mizani ikikaguliwa hakuna wa kuuliza nani kasema. Kuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, ila sheria haikai na wewe kijijini usiku. Kinachokulinda ni wingi: zikusanywe stakabadhi za wakulima ishirini ziende pamoja, hapo hakuna anayeitwa msaliti. Usizihifadhi kwenye simu unayoiacha kibandani ikichaji sola kutwa nzima bila nywila. Yule kijana anapitisha muda kwa kusoma meseji za watu.

Na nyie mnaouza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya chama, kisha mnalia na mzani, yenu nitayasema siku nyingine.

Naandika hadithi kwa jina la bandia kutoka Kilwa Kivinje. Wasomaji wananilipa kwa simu. Kuna tatizo?

Lipo. Chukua simu ya rafiki, jifanye unatuma shilingi mia tano kwenye namba yako, na usiweke namba ya siri. Umeona? Jina lako kamili hilo hapo, na mtu anaghairi bila kupoteza hata senti. Omba lipa namba yenye jina la biashara. Kampuni ya simu na TRA watakujua, na hao hukuwa unawakimbia.

Punguza pia mazoea ya kalamu. Theodore Kaczynski, muuaji wa mabomu ya posta, aliishi miaka zaidi ya ishirini kwenye kibanda kisicho na umeme msituni Montana. Alikamatwa Aprili 1996 kwa sababu mdogo wake alisoma maandishi yake yaliyochapishwa gazetini akaujua usemaji wa kaka yake. Wewe kila hadithi ina kinywaji na chakula cha huku kusini, uraka na ming'oko, na shangazi mmoja mkali. Shangazi mwenyewe akisoma je?

Nataka akaunti ya kumchamba mwenyekiti wetu wa kijiji bila kujulikana.

Tafuta fundi mwingine, na ukimpata usome naye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Mnadani kuna kijana anauza laini zilizokwisha kusajiliwa kwa vidole vya mtu mwingine. Ninunue? (Newala)

Usinunue. Ni kosa, na wala haikusaidii: ukiiweka kwenye simu yako ileile, namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, ni ileile na mnara ni uleule. Laini mpya inayolala na kuamka nyumbani kwako ni yako tu.

Tena fikiria vidole hivyo ni vya nani. Ni vya bibi aliyeambiwa "hakijasoma mama, weka tena", akaweka mara tatu, akatoka na laini moja huku mbili zikibaki mfukoni mwa kijana. Siku polisi wakija wanamfuata yeye. Piga *106# ujue ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la kampuni husika na namba yako ya NIDA, udai ifutwe. Ukimaliza ya kwako, chukua na simu ya mama, muipige pamoja.