Mjusi wa Tendaguru: mmeuliza, nimejibu

SWALI: Hivi yule mjusi mkubwa, dinosaria wa makumbusho ya Berlin, kweli katoka Lindi au stori tu za vijiweni?

Kweli kabisa. Katoka kilima cha Tendaguru, kama kilomita 60 hivi kutoka Lindi mjini, na umri wake ni miaka milioni 150 hivi. Kasimamishwa pale makumbusho tangu 1937, kwenda juu ana mita 13 na ushee, yaani ghorofa ya tatu anakuchungulia dirishani bila kujinyoosha. Ila sio mnyama mmoja yule, wameunganisha mifupa ya kadhaa, na kichwa cha kule juu ni cha kutengeneza.

SWALI: Wajerumani waliibebaje mifupa mizito vile?

Hawakubeba wao bwana! Hapa ndo huwa nachoka na hizi stori za "Wajerumani walichimba". Kuanzia 1909 mpaka 1913 waliochimba ni watu wetu, mamia, Maji Maji imeisha juzi tu na njaa bado haijasahaulika, wakawa wanaifunga mifupa kwa plasta na mianzi halafu wapagazi wanaipeleka kwa mguu, wengine kichwani, wengine wawili wawili kwenye mti, siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, tena safari maelfu. Jumla zaidi ya tani 200. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, fundi haswa, na 2007 ndo akakumbukwa, mjusi mmoja wa hukohuko akapewa jina Australodocus bohetii. Miaka karibu mia!

SWALI: Shingo yote ile si ingemvunja mgongo?

Pingili zake zina matundu ya hewa ndani kama mifupa ya ndege, kwa hiyo nyepesi kuliko unavyoziona. Na kichwa kidogo, hatafuni, anachuma majani anameza tu.

SWALI: Jina lake ni Brachiosaurus au Giraffatitan, lipi sahihi?

La pili. La kwanza amebaki nalo ndugu yake wa Marekani.

SWALI: Nje ya Lindi hakuna wengine?

Wapo, upande wa bonde la Rukwa, ila hao waliishi mamilioni ya miaka baadaye. Kuna Shingopana, Kiswahili kitupu hicho, halafu 2019 akatangazwa Mnyamawamtuka moyowamkia. Mtuka ni mto alikokutwa, na moyo wa mkia sio mapenzi jamani, pingili zake za katikati ya mkia zina umbo la kopa kama la kwenye karata.