Kabla Hujanunua Shamba la Zabibu Dodoma

Msomaji mmoja wa Dar es Salaam ameniandikia kwamba amepata ekari za bei nafuu wilayani Bahi, na kilichobaki ni mimi kumwelekeza apande mbegu gani ya zabibu. Maswali ya namna hii yameongezeka tangu nianze kuweka picha za mizabibu yangu ambayo, bila unyenyekevu wa kujisingizia, imependeza.

Ndugu yangu, mkoa huu si uwanda mmoja. Mbuga ya Bahi hutuama maji msimu wa mvua, na ndiyo maana wenyeji wanalima mpunga. Kondoa nako kuna miinuko iliyoliwa na mmomonyoko hata serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973. Zabibu zimeshamiri Hombolo, Makutupora, Mpunguzi na Mvumi, kwenye udongo wa kichanga unaopitisha maji upesi. Bei ya ekari isikupofushe.

Kwa kuwa hatuna majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkasi wa kupogolea ndio unaoupangia ratiba. Kutoka kupogoa hadi kuvuna ni kama miezi minne, hivyo tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya Agosti na Septemba hukomaa kiangazi, yakiwa na sukari ya kutosha. Yale ya Februari na Machi hukutana na mvua, na ukigeuza jani ukakuta utando mweupe upande wa chini, ujue ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu, umeshaingia. Msimu huo mimi hukagua majani kila asubuhi, na wanaolima kwa simu wakiwa mjini hunicheka hadi wanapovuna.

Linaloniuma mpaka leo ni mnunuzi aliyeniahidi lori kwa mdomo, kisha akazima simu huku vichala vikisinyaa juu ya nyaya na nyuki wakijihudumia. Vijana, acheni kuamini ahadi za barazani! Dai mkataba wa maandishi, na kama unapanda Makutupora Nyekundu, ambayo hasa ni ya mvinyo, tafuta pia mahali pa kukamulia. Mchuzi wa zabibu, yaani juisi iliyokamuliwa, uliohifadhiwa vizuri kwenye tangi safi humsubiri mnunuzi kwa muda ambao kichala hakiwezi, kwa hiyo ulizia nafasi ya tangi mwezi uleule unaopogoa, kwa sababu zabibu zikishaiva kila mkulima wa jirani atakuwa kwenye foleni hiyohiyo.