Ganuni, tyuna na vijana wenye haraka

Jana kabla ya mazoezi nilimtazama kijana mmoja akilinganisha ganuni yake, ile ala ya taarab yenye nyuzi nyingi, kwa tyuna ya kubana, yaani kifaa kinachobanwa kwenye ala na kuonyesha kama sauti iko sawa, macho yote yakiwa kwenye kioo na masikio yakiwa hayana kazi yoyote, ilhali kodiani ilikuwa ikipigwa karibu kabisa na alipoketi. Nilijizuia nisimnyang'anye ufunguo. Kosa hilo huja na kila kundi jipya la wanafunzi, na kwa kuwa nimechoka kulisema katikati ya kelele za watu wanaojaribu ala zao, nimeona heri niliandike.

1. Anzeni na kodiani. Udi na fidla hukazwa kwa muda mfupi tu, lakini vilimi vya kodiani hukwaruzwa na fundi kwenye meza yake na havibadilishwi ukumbini, kwa hiyo kikundi kizima hakina budi kuifuata. Tyuna hutoka dukani ikiwa imewekwa kwenye A (sauti ambayo kikundi hujilinganisha nayo) ya mitetemo 440 kwa sekunde, ilhali kodiani nyingi zimelinganishwa juu kidogo, kwa mfano 442. Tofauti hiyo ni takribani senti 8, na nusu sauti moja, yaani hatua kutoka kibonye kimoja cha kinanda hadi kinachokifuata, ina senti 100, hivyo mgeni atasema kwamba jambo lenyewe ni dogo.

Nami nilisema hivyo hivyo. Nilikuwa ningali mwanafunzi nilipopewa nafasi ya kupiga harusini kwa sababu mpigaji ganuni wa kikundi alikuwa mgonjwa. Nililinganisha nyuzi zote 78 nyumbani, moja baada ya nyingine, mpaka kila moja ikawasha taa ya kijani, kisha nikaifunika ala yangu kwa majivuno. Ukumbini, mzee wa kodiani alinipa A yake, akanitazama, akanipa tena. Badala ya kusikiliza, nilimwonyesha kioo cha tyuna na kumwambia, mbele ya wenzake, kwamba kodiani yake ndiyo iliyopotoka. Alisema tu, "Haya mwanangu, tupige." Bashraf, yaani ule muziki wa ufunguzi usio na maneno, ilipoanza, kila nilipoachiwa nipige peke yangu mambo yalikuwa matamu, na kila wenzangu waliporudi tukasikika kama watu wanaobishana bei. Wimbo ulipokwisha niliinama nikaanza kupandisha nyuzi kwa haraka, nikianzia zile za katikati, huku mzee akirefusha utangulizi wa wimbo uliofuata ili kunisitiri. Nilichosahau ni kwamba daraja la ganuni limekaa juu ya ngozi, na kila uzi unaokazwa huongeza uzito unaoikandamiza ngozi hiyo. Zile nilizokwisha kuzipandisha zikashuka kidogo, na zile ambazo sikuwa nimezigusa zikashuka chini ya pale zilipokuwa, hata nikawa na ganuni isiyopatana na kodiani wala na nafsi yake. Nilivyozidi kuogopa ndivyo nilivyozidi kukaza, mpaka uzi mmoja ukakatika na kunichapa kidoleni. Muda wote uliobaki niligusa nyuzi chache tu, kwa upole wa mtu anayechukua sukari ya mwenyewe. Shangazi mmoja wa bibi harusi alikuja kuuliza kama ganuni imeharibika, na mzee wa kodiani akamjibu kwamba ganuni ni nzima kabisa.

2. Dawa yake ni fupi. Mwombeni mpigaji kodiani aishike A, bonyezeni kitufe cha kipimo mpaka sindano ikae katikati, na baada ya hapo itumieni tyuna mtakavyo.

3. Kila sauti ina nyuzi tatu. Zuieni mbili kwa kitambaa, linganisheni moja kwa tyuna, kisha mzipatanishe nyingine kwa sikio mpaka yale mawimbi ya kupanda na kushuka yatulie. Tyuna inayosikia nyuzi tatu zisizolingana hutangatanga, nanyi mtatangatanga nayo. Masimulizi ya taarab husema kwamba Sultan Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma mtu Misri akajifunze ganuni, na mtu huyo hakurudi na betri.

4. Zungukeni ala nzima zaidi ya mara moja, kwa sababu niliyokwisha kuieleza kwa uchungu. Uzi ukipita juu, ulegezeni hadi chini ya sauti mnayoitaka, ndipo muupandishe.

5. Nyuzi nene huidanganya tyuna, ikaonyesha herufi nyingine kabisa. Hapo aminini sauti iliyo oktava moja juu yake, yaani ile ya jina lile lile inayofuata juu.

6. Tyuna inajua sauti 12 tu. Sika, sauti ya tatu ya makam Rast (makam ni mpangilio wa sauti katika muziki wa Kiarabu), imekaa kati ya E ya kawaida na E iliyoshushwa nusu sauti, kwa hiyo mkiipata sawasawa taa itakuwa nyekundu, na kijana mwenye haraka ataisahihisha mpaka iwe kijani. Niliwahi kumsikia mmoja akifanya hivyo hadi Rast ikasikika kama beni ya gwaride. Wala msiniulize sindano isimame wapi hasa, maana hata wajuzi waliokutana Cairo mwaka 1932 kuzungumzia muziki wa Kiarabu hawakuafikiana kuhusu kuigawa oktava katika robo sauti 24 zilizo sawa. Msikilizeni mwimbaji na udi, kisha muufuate mkono wao. Kabla ya hayo yote, hakikisheni vile vikono vidogo vya chuma vilivyo upande wa kushoto vimekaa panapotakiwa, kwani nimeona mtu akikaza sauti nzima upya, kumbe alikuwa amesahau kulaza kikono kimoja.

7. Wakati wa masika ngozi hunyonya unyevu, ikalegea, na daraja likashuka pamoja na sauti zote. Kwenye ukumbi wenye viyoyozi ngozi hukauka na sauti hupanda. Kazi ya kulinganisha nyumbani, kwa hiyo, ni nusu tu ya kazi. Fikeni mapema, ifunueni ganuni ipate hewa ya pale pale itakapopigwa, na mlinganishe ikiwa imeizoea. Wale wanaotegemea tyuna ya simu wafike mapema zaidi, kwa sababu mpiga dumbak, ile ngoma ndogo ya taarab, akianza kujipasha moto, simu itamsikiliza yeye.