Kaka, kabla ya kuangalia bahari angalieni mfereji: maisha ya mke na mume kisiwani Mombasa

Kaka, umesema kazi yako imehamishiwa Likoni, mwezi ujao wewe na mkeo mnatoka Nakuru, na unataka kujua mambo mawili: mpange kisiwani au ng'ambo ya feri, huko huko Kusini, na maisha ya watu wawili kisiwani yakoje. Waliotangulia kukujibu wamekupa bei za nyumba. Mimi nina miaka 11 ya ndoa, yote nimeikaa kisiwani, na bwanangu miaka yote hiyo kazi yake iko Likoni. Njia unayoiuliza ndiyo anayopita kila siku, kwa hivyo nitakwambia tuliyoyaona sisi.

Nianze na maji, kwa sababu ndiyo yaliyotaka kutuvunjia nyumba mwaka wa kwanza.

Tulipanga Tudor, ghorofa ya tatu, madirisha mapana, upepo unaingia mpaka chumbani. Mwenye nyumba akatuapia kwamba maji hayakatiki. Tukalipa kodi na depositi ya miezi miwili. Wiki ya kwanza halikutoka tone. Wiki ya pili yakaja usiku wa manane, yakapanda mpaka ghorofa ya kwanza, yakaishia hapo. Kisiwa hiki hakina mto, kaka. Maji matamu tunayokunywa yanatoka mbali, Mzima kule Tsavo na Baricho upande wa Malindi, na bomba likipata hitilafu njiani au stima ya pampu ikikatika, sisi wa mwisho wa njia ndio tunaokaukiwa. Tukawa watu wa mkokoteni. Mitungi ya lita 20 unaiona barabarani, inasukumwa na vijana waliovua shati, na siku mfereji (koki ya maji) ukikauka mtaa mzima bei yake hupanda papo hapo.

Kijana wa mkokoteni huishia mlangoni. Ngazi ni zenu, au umwongeze pesa. Bwanangu alikuwa akifika saa mbili usiku, ametoka kusimama foleni ya feri, na mimi namngojea na mitungi minne chini. Siku moja nilisikia amepanda, kisha kimya. Nikatoka na tochi. Nilimkuta ngazi ya katikati, ameketi juu ya mtungi, viatu amevivua amevipanga kando, anatazama ukuta. Hakusema neno na mimi sikusema. Usiku ule ndio tulioamua kuhama, na mwezi mmoja wa depositi tukauacha kwa mwenye nyumba maana hakutaka kuurudisha.

Sasa tuko Kibokoni, Mji wa Kale, nyumba kongwe ya mawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko. Uani mna kisima cha maji ya chumvi na chini kuna mfereji wa maji matamu. Ya chumvi ni ya kudekia, choo, na kuogea mara ya kwanza; sabuni haitoi povu nayo, kwa hivyo mwisho unajimwagia kopo mbili za maji matamu. Maji matamu ni ya kupikia, kunywa na kufulia nguo nyeupe. Wifi yangu atalizoea hili ndani ya mwezi, lakini mwambie mapema asije akadhani ni uchafu. Na ajue sauti ya mfereji. Sisi huuacha wazi usiku, ndoo ya bati chini yake. Kwanza hukohoa hewa, kisha hutema maji ya rangi ya kutu kidogo, halafu ule mlio wa tone juu ya bati. Yeyote aliyesikia kwanza huamka na kumwamsha mwenziwe, mmoja anashika mpira, mmoja anafungua vifuniko vya mapipa. Saa nane za usiku, wote wawili na leso viunoni. Mazungumzo yetu mazuri mengi yamefanyika hapo, nakwambia kweli.

Feri. Waenda kwa miguu hawalipi, magari ndiyo yanayolipa. Maji yenyewe ni kama nusu kilomita tu, ukiwa chomboni hata hukai. Kinachokula muda ni kungojea: geti kufunguliwa, umati kuteremka, chombo kimoja kuwa kimeharibika. Na bamvua, zile siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, lina mambo yake, maji yakipwa sana mteremko unakuwa mkali, magari yanapanda kwa taabu na kila kitu kinachelewa. Bwanangu hutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili aingie kazini saa moja, na siku nyingi hufika mapema akanywa chai ya pili Likoni. Hiyo nusu saa ya ziada si hasara. Wakati wa korona, lilipowekwa daraja la kuelea la waenda kwa miguu kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, alilitumia akafurahi. Kama una gari, sasa kuna barabara ya Dongo Kundu, unafika Kusini bila kugusa feri, ila kwa anayelala katikati ya kisiwa ni kuzunguka kweli kweli.

Ungeniuliza kwa hesabu ya muda peke yake, ningekwambia kaa Likoni. Lakini umesema mkeo naye atatafuta kazi, na nyingi ya kazi, ofisi, maduka ya jumla na hospitali kubwa ziko kisiwani na upande wa Nyali. Mkikaa Likoni, atakayevuka ni yeye. Kwa hivyo swali si kisiwani au ng'ambo. Swali ni nani kati yenu atavuka, na huyo atafika nyumbani saa ngapi. Lizungumzeni hilo Nakuru kabla hamjafunga mizigo. Sisi hatukulizungumza, na kwa muda mrefu mimi nilidhani anachelewa kwa kupenda, naye alidhani mimi nalala mchana kutwa.

Tuliloliweka baada ya hapo ni dogo: akiingia, hakuna habari ya kodi, tokeni za stima wala simu ya nyumbani mpaka ameoga. Nampa maji, naye akitoka bafuni ndiye anayeanza kuuliza. Jaribuni.

Chakula hakitawasumbua. Asubuhi hapa watu wengi hawawashi jiko. Mahamri na mbaazi za nazi vinauzwa mlangoni kwa jirani, unapeleka bakuli lako. Mboga na viungo ni soko la Marikiti, ukienda mapema. Samaki inategemea pepo. Wakati wa kaskazi, kuanzia kama Desemba mpaka Machi, bahari imetulia na nguru na jodari wapo. Kusi ikichachamaa ngarawa haziendi mbali, changu mmoja anauzwa kama amekuja kwa ndege, basi hapo sisi hula papa mkavu na kunde. Wifi ajifunze kukuna nazi kwa mbuzi. Tui la kukuna mwenyewe na la pakiti haviko kundi moja. Joto la Februari na Machi ni kali, jasho linatoka umekaa. Msibebe kabati za chuma kutoka Nakuru, chumvi ya hewani itazila, hata miguu ya meko yetu imeliwa.

Majirani nitakaa nao kidogo. Mji wa Kale ukuta wangu ni ukuta wa mwenzangu, na vichochoro ni vyembamba, mtu akikohoa unajua ni nani. Wageni wengine huona wanachunguzwa. Mimi pia niliona hivyo, mpaka nilipougua homa bwanangu akiwa kazini, na bi mkubwa wa nyumba ya chini akapanda mwenyewe na uji, kwa sababu hakusikia mlango wangu ukifunguliwa asubuhi. Mkiingia, piteni nyumba za jirani mpige hodi, mkeo awaamkie wakubwa shikamoo, mseme mmetoka wapi. Sahani ikija na kaimati au sambusa, hasa Ramadhani, msiirudishe tupu. Hata ndizi mbili zatosha. Wala si lazima muwe Waislamu. Sisi tuna jirani Mtaita hapo hapo Kibokoni, na futari inafika kwake kama inavyofika kwetu.

Jioni za Jumapili nendeni ufukweni Mama Ngina. Tangu palipotengenezwa upya mwaka 2019 pana viti na pana taa, na ile mibuyu ya zamani ipo. Mnanunua mihogo ya kukaanga, inapasuliwa kati, inatiwa pilipili na ndimu, mnakaa ukutani. Meli za bandari ya Kilindini hupita karibu mno, mpaka unamwona baharia aliyeegemea chuma anakutazama. Mimi na bwanangu tumekaa pale tukiwa hatuna kitu mfukoni zaidi ya bei ya mihogo, na tumekaa pale siku tuliyopata habari mbaya ya hospitali. Ukikaa na mtu ukitazama meli hulazimiki kusema.

Basi kaka, kuhusu nyumba fanya hivi. Kodi ya kwanza usilipe kwa simu ukiwa Nakuru, hata dalali akutumie picha nzuri vipi. Njoo peke yako siku mbili kabla ya mkeo. Mwambie dalali akupeleke mara mbili, mchana na saa nne usiku. Usiku fungua mfereji wa jikoni na wa bafuni. Uliza tangi liko wapi na linajazwa na nani, na pampu ikiungua nani hulipa. Lakini maji huja lini, usimuulize dalali wala mwenye nyumba. Gonga mlango wa mpangaji wa chini, mwanamke kwa kawaida, umwamkie, umuulize maji yalikuja lini mara ya mwisho. Akikutajia siku, hiyo nyumba ichukue. Akicheka, mshukuru uondoke. Kisha toka hapo kwa miguu mpaka feri ukiangalia saa, uongeze dakika 40.

Na mtungi nunua wenye kifuniko cha kuzungusha, si cha kubandika. Kwenye ngazi cha kubandika huruka.