Katika hadithi ya Gladys, mimi ni baba yake

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa stesheni ya Blacktown natoka zamu ya usiku. Unasema umesikia kwamba huku Sydney, Australia, mtoto wa wahamiaji aliwahi kuongoza serikali ya jimbo zima. Halafu ukauliza: kama ni hivyo, dada, mbona wewe mwaka wa kumi na moja huu bado unaogesha wazee? Najua hukuuliza kwa ubaya. Nakujibu hapa ili na mama na wajomba wasikie.

Ni kweli. Anaitwa Gladys Berejiklian. Alizaliwa hapa Sydney mwaka 1970, Muarmenia. Babu na bibi zake waliachwa yatima na mauaji ya Waarmenia ya mwaka 1915. Baba yake alitoka Syria, mama yake Jerusalem. Baba alikuwa mchomelea vyuma, mama muuguzi. Mtoto alisoma shule za serikali, akaingia Chuo Kikuu cha Sydney, akafanya kazi benki. Mwaka 2003 akagombea ubunge eneo la Willoughby, akapita kwa kura 144 tu. Mwaka 2011 akawa waziri wa uchukuzi, kisha wa fedha, na Januari 2017 akawa mkuu wa serikali ya New South Wales, jimbo lenye watu karibu milioni 8 wakati huo. Machi 2019 akashinda uchaguzi, mwanamke wa kwanza kuongoza chama chake hadi ushindi katika jimbo hili.

Sasa hesabu vizuri. Baba mtu alichomelea vyuma, mwana ndiye aliyetawala. Katika hadithi hiyo mimi siko upande wa Gladys. Mimi ni yule baba. Vyeti vyangu vya ualimu huku niliambiwa havitoshi mpaka nisome tena, na ada yake ni ya kuuza shamba. Kwa hiyo nabeba boksi, kama mnavyosema huko, ingawa boksi langu ni mzee wa miaka tisini ambaye lazima nimgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Kazi hii inalipa kodi ya nyumba, inalipa dawa za mama, na kuna usiku mgongo unaniuma hadi nalia. Siioni kuwa aibu. Lakini anayekuja akidhani atashuka Gladys kwenye ndege, nisimfiche, ataumia.

Kitu kimoja cha Gladys kimebadilisha nyumba yangu. Mpaka anatimiza miaka mitano, alikuwa hajui Kiingereza. Nyumbani ilikuwa Kiarmenia tu. Mwanangu alipoanza chekechea, mwalimu mmoja alinishauri niache Kiswahili nyumbani, ati mtoto atachanganyikiwa. Nikatii mwaka mzima. Halafu Idi moja mama akapiga simu ya video, akamwambia, "Hujambo mjukuu wangu, umekula nini leo?" Mtoto akatazama midomo ya bibi yake, akanitazama mimi, akanyamaza. Mama naye akanyamaza. Mnaikumbuka simu ile, mlikuwa mmekaa pale kibarazani. Usiku ule nilisoma habari za Gladys upya, na kesho yake uji, viatu, kuoga, vyote vikarudi kwenye Kiswahili. Kiingereza shule inatosha kumpa.

Na anguko la Gladys nalo mlijue, maana lile ndilo lililonifundisha nchi hii ni ya namna gani. Jimbo hili lina tume huru ya kupambana na rushwa, iliundwa mwaka 1988. Oktoba 2020 ilimwita Gladys akiwa bado madarakani, akahojiwa hadharani. Ikajulikana kwamba kwa miaka alikuwa na uhusiano wa siri na mbunge wa Wagga Wagga, Daryl Maguire, mtu aliyekuwa akichunguzwa. Simu zao zilizorekodiwa zikachezwa, nchi nzima inasikia. Fikirieni TAKUKURU kumketisha kitini kiongozi wa ngazi hiyo! Tarehe 1 Oktoba 2021 tume ikatangaza inamchunguza yeye mwenyewe. Siku hiyo hiyo akatangaza kujiuzulu. Juni 2023 ikatoa uamuzi: aliidhinisha fedha za miradi aliyoipigania Maguire bila kusema uhusiano wao, na huo ni ufisadi mkubwa. Haikupendekeza ashtakiwe. Yeye alikana, akaenda Mahakama ya Rufani, akashindwa Julai 2024.

Kabla yake, mwaka 2014, Barry O'Farrell aliacha kiti hicho hicho kwa sababu ya chupa ya mvinyo ya dola 3,000. Aliiambia tume hakumbuki kuipokea, kesho yake ikaletwa barua ya shukrani yenye mwandiko wake.

Bibi mmoja ninayemhudumia alilia siku Gladys anaondoka. Wakati wa korona alikuwa akimtazama kila siku saa tano asubuhi akisoma idadi ya wagonjwa. Mimi nilihuzunika pia, maana nilikuwa nimemfanya mtu wangu. Lakini naona tume ilifanya sawa. Fedha ya umma haimjui mpenzi, na mtoto wa mhamiaji akipanda juu apimwe kwa mizani ile ile. Hiyo ndiyo sababu mojawapo bado nipo huku, zaidi ya mshahara.

Kuhusu kozi ya ualimu, nimeanza kuweka akiba. Mwakani nikijaliwa nitasoma jioni. Jumapili tutapiga. Mpeni mama simu mapema, mjukuu wake amejifunza kusimulia kisa cha sungura na fisi, na hataki mtu amkatize.