Mwenzetu kapewa cheo, kageuka

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Nafanya kazi katika ghala moja kando ya Barabara ya Nyerere. Mwenzetu mmoja, tuliyekuwa naye zamu moja ya kupakua makontena, alipandishwa kuwa msimamizi mapema mwaka huu. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akitusemea kuhusu saa za ziada, na mchana tulikula pamoja kwa mama ntilie nje ya geti. Siku hizi kontena likiingia jioni anasema tu kwamba mzigo haujui usiku, na ukimkumbusha malipo anakujibu kuwa huelewi gharama za kampuni. Je, alikuwa akitudanganya tangu mwanzo, au cheo kimemlevya? — Msomaji, Vingunguti.

JIBU: Ndugu msomaji, sidhani kwamba alikuwa akiwadanganya, na kusema kwamba cheo kimemlevya ni kumwonea kidogo. Wengi wetu hudhani kwamba mtazamo wa mtu kuhusu kazi hutoka moyoni mwake, kumbe kwa sehemu kubwa hufuata nafasi aliyopewa. Mwaka 1956 mtafiti Seymour Lieberman alichapisha matokeo ya uchunguzi wake katika kiwanda kimoja nchini Marekani, ambako alikuwa amewahoji wafanyakazi kabla yeyote kati yao hajajua nani atapanda. Baadaye 23 kati yao wakawa wasimamizi na 35 wakawa wawakilishi wa chama cha wafanyakazi. Alipowahoji tena, wasimamizi walikuwa wameanza kuuona uongozi kwa jicho zuri zaidi, ilhali wawakilishi walikuwa wameegemea zaidi upande wa chama. Kisha biashara ikazorota, wasimamizi 8 wakarudishwa kwenye kazi zao za awali, na maoni yao nayo yakarudi karibu kabisa na yale ya zamani. Watu hao hawakuwa wanafiki. Kila mara walisema walichokiamini.

Mwenzenu sasa anaketi na wakuu, anaziona tozo zinazotozwa kontena linapochelewa kurudishwa, na anaulizwa yeye kwanza mzigo ukilala. Zaidi ya hayo, amekwisha kuwabakiza watu kazini usiku. Leon Festinger, katika nadharia aliyoitoa mwaka 1957, alieleza kwamba mtu akitenda kinyume cha anachokiamini hupata usumbufu wa nafsi, na kwa kuwa tendo limekwisha kupita, mara nyingi kinachobadilishwa ni imani. Ndiyo maana kila usiku anaowabakiza unamfanya aamini zaidi kwamba ni haki kuwabakiza.

Kwa hiyo msimwite msaliti, wala msimpe jina la utani la kumsuta, maana mtakuwa mnamsukuma aungane kabisa na hao wakuu. Mwendeeni wawili au watatu mkiwa na daftari lenye tarehe na saa mlizofanya kazi, mumwombe alifikishe mezani kwa wakubwa kwa kuwa yeye anaijua zamu ya usiku kuliko wao. Akikubali mbele yenu, ahadi hiyo nayo itamvuta upande wenu kwa njia ileile. Malipo, hata hivyo, si suala la mtazamo wa mtu yeyote: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na hapo tawi lenu la chama lina la kusema hata kama msimamizi atanyamaza.

SWALI: Nina karakana ya samani Keko. Nimeleta utaratibu wa kuandika kila ubao unaokatwa, lakini mafundi wameukataa kimyakimya. Niwaitie semina? — Mwenye karakana.

JIBU: Semina itakugharimu soda na maandazi, basi. Lester Coch na John French walieleza mwaka 1948 kuhusu kiwanda cha nguo za kulalia huko Virginia, Marekani, ambako kundi lililotangaziwa tu mabadiliko lilipoteza asilimia 17 ya watu wake ndani ya siku 40, ilhali katika makundi yaliyoshirikishwa kuyapanga hakuna aliyeacha kazi katika muda huo. Wewe, kama ninavyokuelewa, uliutunga utaratibu peke yako ukawakabidhi daftari, nao wakasoma humo kwamba unawashuku wizi. Waonyeshe stakabadhi za mbao za mwezi uliopita, uwaulize zinapotelea wapi, na uwaachie wao waamue nani ataandika na saa ngapi. Wakikwambia kwamba msumeno mbovu ndio unaoharibu mbao, nunua msumeno kabla hujalirudia suala la daftari.